Mwalimu ameomba tuyamalize nyumbani: je, tukubali?

"Mimi ni mama mdogo wa binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili katika shule ya kata huku wilaya ya Tandahimba. Mama yake anafanya kazi Dar es Salaam, kwa hiyo binti analelewa na bibi. Wiki tatu zilizopita nilikuta jumbe za mwalimu wake wa hisabati kwenye simu ya bibi. Nilipombana akalia, akasema wamekuwa wakikutana nyumbani kwa mwalimu tangu Machi, alikokuwa akiitwa kuchota maji na kupika. Tumempima mimba, hana. Mkuu wa shule anasema atafanya mpango mwalimu ahamishwe, tusichafue jina la shule. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye mjomba mwenye sauti, ameshakaa na mwalimu: atatoa milioni mbili baada ya mnada wa korosho, na yuko tayari kumuoa binti akimaliza kidato cha nne. Binti mwenyewe anasema anampenda na polisi hatasema lolote. Wazee wanasema ameshachezwa unyago, ni mtu mzima, na alikubali. Mimi naambiwa natia mchanga kitumbua cha mtu. Je, kuna kesi hapo kweli, wakati mtoto alikubali? Na nikienda polisi bila idhini ya mjomba, si nitakuwa nimevunja ukoo?"

Mama mdogo, pole sana. Pole kwa uliyoyakuta kwenye simu ile, na pole zaidi kwa wiki tatu ulizokaa nayo peke yako huku kila mtu mzima aliyekuzunguka akikuambia unyamaze. Umeniuliza maswali mawili, nami nitayajibu yote mawili hapa juu kabla ya maelezo. Kesi ipo. Na idhini ya mjomba haihitajiki, wala ya mkuu wa shule, wala ya mama mzazi aliye Dar es Salaam, ingawa huyo wa mwisho mpigie simu leo kama hujampigia.

Nianze na neno "alikubali", maana ndilo linalowafunga watu mdomo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130 kama kilivyoandikwa upya na Sheria ya Makosa Maalum ya Kujamiiana ya 1998, inasema mwanamume akimwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 amebaka, awe msichana amekubali au hakukubali. Kwa hiyo mahakamani hakuna atakayebishana kama binti alienda kwa miguu yake, kama alipeleka ujumbe wa kwanza, au kama alipokea vocha. Yatakayobishaniwa ni matatu: alikuwa na umri gani, tendo lilitokea, na aliyelitenda ni nani. Yakithibitika hayo, adhabu ya chini ni miaka 30 jela, na mahakama inaweza kuongeza amri ya kumlipa binti fidia. Fidia ya mahakama, sikia vizuri, si ile ya mnada wa korosho. Na sheria hiyohiyo inamtaja kwa namna ya pekee mtu mwenye mamlaka anayekitumia cheo chake kwa aliye chini yake, kwa hiyo ualimu wake haumpunguzii kitu.

La unyago ninalijua, maana mimi ni mtu wa hukuhuku Kusini. Mtoto akishatoka ndani, akapakwa mafuta na kuvalishwa, watu wanamwita mwali na wanaanza kumsemesha kama mtu mzima. Lakini wewe mwenyewe unajua wapo wanaochezwa wakiwa bado shule ya msingi. Sheria ya Mtoto ya 2009 haikuuliza ngoma, imehesabu miaka: aliye chini ya 18 ni mtoto. Tena hebu waulizeni makungwi wenyewe. Nani kati yao alimfunza mwali kwamba adabu ni kwenda kupika kwa mwalimu jioni? Wazee wanaoutaja unyago leo ili kumwokoa mwanamume mzima wanauvunjia heshima unyago wenyewe.

Sasa tuje kwa "anampenda". Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapomgeukia mtoto. Mtu wa aina hii hamvamii mtoto njiani. Anamzoesha. Kwanza anachagua, na mara nyingi anamchagua yule ambaye mama yuko mbali na nyumbani kuna bibi tu. Kisha anamtofautisha na wenzake: daftari lake linasahihishwa kwanza, anasamehewa viboko, anaambiwa ana akili kuliko darasa zima. Halafu vinakuja vitumwa, kachote maji, nifulie, nipikie, ambavyo kwetu havimshangazi mtu kwa sababu wanafunzi kutumwa kwa mwalimu ni jambo la miaka nenda rudi. Kisha siri ndogo isiyo na madhara, soda au hela ya kalamu, "usimwambie bibi". Mtoto akiishika siri ndogo, ameshafundishwa kushika kubwa. Tendo lenyewe linapokuja, mtoto anajiona na yeye ni mshiriki, na hata pale alipoogopa anajiambia alitaka. Akisema anampenda, hasemi uongo. Anasema anachokihisi, na kilipandwa na mtu mwenye miaka mingi kuliko yeye, mwenye chaki, fimbo na maksi mkononi. Ndiyo maana sheria haikuiacha ridhaa mikononi mwa mtoto.

Kwa hiyo usimbishie penzi lake, wala usimpige. Usimpeleke "kukaguliwa" na wanawake wa mtaani. Hilo haliwezi kumwambia mtu yeyote chochote cha maana, na litamuumiza mara ya pili. Mwambie maneno machache: hujakosa, sikuchukii, na aliyekosea ni mtu mzima. Mengine yaache yaje yenyewe. Usimhoji kila jioni ili upate habari kamili, kwa sababu hadithi iliyohojiwa na shangazi, bibi, mjomba na jirani ikifika mahakamani inakuwa na sura nne, na wakili wa mshtakiwa atazisoma zote nne kwa sauti.

Ahadi ya ndoa ni mtego. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, inakataza kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, na adhabu ni miaka 30. Kumpa mimba ni hivyohivyo. Anayesaidia au kushawishi ndoa ya namna hiyo anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Mwalimu anazijua sheria hizi, na nadhani ndiyo sababu amesema "akimaliza kidato cha nne". Lakini kusubiri hakufuti yaliyokwisha tendeka tangu Machi. Kazi inayofanywa na ahadi hiyo ni moja, kumfanya binti ajione mchumba, na mchumba hamshtaki mwenzake.

Mjomba je? Kwetu Wamakonde, na kwa Wamwera, Wayao na Wamakua pia, mjomba si mtu wa kupitwa. Sisemi umdharau. Nenda kwake ukae naye, umweleze kwa heshima kitu kimoja ambacho pengine hakijui: kesi hii si mali ya ukoo. Ikifika mahakamani itaitwa Jamhuri dhidi ya huyo mwalimu. Binti atakuwa shahidi, na ukoo hautakuwa mlalamikaji anayeweza kufuta kesi akishalipwa. Mwenye mamlaka ya kuyaondoa mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka, si kikao cha barazani. Mwambie pia kwamba kupokea malipo kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa nako ni kosa. Mwalimu akishafikishwa mahakamani, ile karatasi waliyowekeana saini, au ule muamala wa simu, utaletwa kama ushahidi na jina la mjomba litakuwa juu yake. Nimeona wajomba wakinywea waliposikia hilo, na sikuona haja ya kuwasuta. Wengi wanadhani kweli wanamlinda mtoto na aibu. Mpe njia ya kutoka na heshima yake: yeye ndiye awasindikize polisi. Akikataa, nenda. Sheria ya Mtoto inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayeumizwa wajibu wa kuripoti, na haikuweka sharti la ukoo kukubaliana kwanza.

Kwa mkuu wa shule sina upole mwingi. Uhamisho si adhabu. Mwalimu wa namna hii akitolewa Tandahimba akapelekwa Nanyumbu au Liwale, huko nako kuna mtoto anayelelewa na bibi. Ni kumtoa fisi bucha hii na kumkabidhi bucha ya pili. Tena mkuu wa shule hana mamlaka ya kulimaliza kosa zito kama hili ofisini kwake. Nidhamu ya walimu wa shule za serikali iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, nayo ina ofisi wilayani kwenu. Peleka malalamiko ya maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tume inaweza kumfukuza kazi, na hilo ni jambo tofauti na jela: kila njia inakwenda yenyewe. Ila usikubali uambiwe "nendeni Tume tu, polisi haina haja". Tume haina uwezo wa kumfunga mtu.

Najua kuna hoja nyingine inayosemwa chinichini vijijini, wala si ya kijinga: tutapata wapi mwalimu mwingine wa hisabati? Mikoa yetu imeteseka na upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati kwa miaka mingi, na mzazi mwenye mtoto kidato cha nne anaona mtihani uko mlangoni. Ninaielewa hofu yake. Lakini somo linalofundishwa na mtu ambaye wasichana wanamkwepa halifundishiki. Wengine wameshaacha kunyoosha mkono darasani kwake, wengine utoro wao unaitwa uvivu. Ukiuliza vizuri kwenye shule hiyo, kwa kupitia watu wanaojua kuuliza, usishangae ukikuta binti yenu si wa kwanza. Huu si usemi wa kuwasingizia walimu wote. Wengi wao ndio wanaokuwa wa kwanza kugundua mtoto anapoumizwa nyumbani. Na huyu naye, hadi mahakama itakapoamua, ni mtuhumiwa. Ndiyo sababu nyingine ya kulipeleka jambo mahali ambapo naye atasikilizwa, badala ya kulijadili kisimani.

Sasa ukweli usiopendeza, kwa sababu sitaki uende ukidhani miaka 30 inaning'inia mtini ikisubiri kuchumwa. Kesi hizi huanguka, na huanguka kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni umri. Kila mtu kijijini anajua binti ana miaka 15, lakini hakimu hakuwepo alipozaliwa. Tafuteni cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, ushahidi wa mama mzazi unakubalika, na kadi ya kliniki inasaidia, kwa hiyo mama yake lazima aje siku ya kutoa ushahidi hata kama mwajiri atanuna. Ya pili ni kuchelewa. Kosa hili halifutiki kwa kupita muda, lakini Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema kunaupa ushahidi nguvu. Wiki tatu zinaelezeka: mtoto aliogopa, familia ilikuwa kwenye vikao. Miezi mitano haielezeki kirahisi. Ya tatu ni mashahidi kutoonekana. Nawaambia watu huku kila mwaka: msimu wa korosho ukianza, kesi inaahirishwa kwa sababu shahidi yuko shambani anaokota, inaahirishwa tena, mwisho inafutwa. Ya nne ni mtoto kubadilika kizimbani, na hiyo hutokea zaidi pale alipoburutwa kwenda polisi badala ya kusindikizwa.

Kwa upande mwingine, kuna mambo yanayokusaidia ambayo watu hawayajui. Wengi wanadhani bila daktari kuthibitisha hakuna kesi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, msimamo ni kwamba ushahidi bora wa kubakwa unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe, na Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikiandika sababu zake. Kwa kuwa binti ana miaka 15, ataapa kama mtu mzima. Ule utaratibu wa kuahidi tu kusema kweli ni wa walio na miaka 14 kushuka chini. Na ushahidi wake unasikilizwa faragha. Kijiji kizima hakitajazana kumsikiliza, wala jina lake halitakiwi kutangazwa.

Simu ya bibi izimwe na itunzwe. Msifute kitu, msimjibu mwalimu, msimtege kwa jumbe za kujifanya ni binti. Na chonde, msipige picha jumbe hizo mkazirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Hasira inaeleweka, lakini aibu itamwangukia mtoto, na ushahidi utakuwa umechezewa. Simu akabidhiwe mpelelezi, naye aandike kwamba ameipokea.

Mkifika kituo cha polisi, ulizieni Dawati la Jinsia na Watoto. Madawati haya yalianza 2008 hasa ili mtoto asisimulie mambo kama haya kaunta mbele ya waliokuja kuripoti kuibiwa baiskeli. Mtapewa namba ya kumbukumbu, iandike, na fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72, kwa hiyo kama tangu walipokutana mara ya mwisho zimepita zaidi ya saa hizo, dirisha hilo limefungwa. Hospitali bado ni lazima: apimwe VVU sasa na arudie baada ya miezi mitatu, apimwe magonjwa mengine ya zinaa ambayo mengi yanatibika, na kipimo cha mimba kirudiwe, kwa kuwa hatujui mara ya mwisho walikutana lini. Nasema haya kwa sauti kwa ajili ya msomaji mwingine ambaye kwake limetokea jana: wewe kimbia hospitali usiku huuhuu, na mtoto asioge wala nguo zisifuliwe.

Na ikija kuonekana ni mjamzito? Hapo nyuma ingekuwa ndiyo mwisho wa shule. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi katika mfumo rasmi, kwa hiyo yeyote atakayemtishia binti kwa kufukuzwa anatumia habari za zamani. Kwa hali yake ya sasa, hakuna kanuni inayomtoa shuleni kwa kuwa amefanyiwa uhalifu. Kuhamishiwa shule nyingine ni jambo la kuzungumza naye yeye, akitaka. Si lazima mtoto ndiye ahame.

Usinielewe kwamba njia hii ni nyepesi. Kijiji ni kidogo. Kuna watakaokususia msiba, na kuna siku binti atakuchukia wewe kuliko mwalimu. Mwalimu akipata dhamana mtamwona sokoni akitembea, na watu watasema ameshinda. Muombeni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri awe na binti tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya kesi na kwa ajili ya moyo wake pia. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Binti yako akijua hayo kutoka kwa mtu anayeyaongea bila kushtuka, anaweza kuacha kujiona wa ajabu. Milioni mbili hazinunui hilo. Tena nakwambia zitaisha kabla ya pasaka.

Yapo mambo ambayo jibu la kusoma halitoshi, unahitaji mtu mbele yako siku hiyohiyo. Binti akianza kusema anataka kufa, akiacha kula, au akitoroka usiku, msisubiri, nendeni hospitali. Mwalimu au ndugu zake wakimtishia, rudi polisi uongeze maelezo hayo kwenye jalada. Polisi wa karibu wakikuzungusha, panda ngazi: mkuu wa polisi wa wilaya, ofisi ya Taifa ya Mashtaka Mtwara mjini, au piga 116, namba ya bure ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto. Na kama yupo anayeomba chochote ili jalada litembee, TAKUKURU ni 113. Huhitaji kumlipa wakili ili mwalimu ashtakiwe, hiyo ni kazi ya serikali, lakini chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 unaweza kupata mtu wa kukufuatilia bila malipo. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata, anawajua.

Kesho asubuhi, kabla hamjapanda bodaboda, chukueni vitu hivi: kadi ya kliniki au cheti, simu iliyozimwa, na kanga ya ziada, kwa kuwa mtakaa muda mrefu kwenye mabenchi. Muulize binti anataka kukaa na nani wakati wa kuandika maelezo, wewe au mwingine. Akimtaja mwingine, usione vibaya.